Karatasi Tatu za Majina

Jumatatu, 4 Agosti

Fomu ishirini na sita leo. Mbili hazina alama ya mhojaji, nimezirudisha. Moja inasema mhojiwa ana miaka 310. Nimempigia mhojaji. Ni 31. Ndiyo kazi yangu hiyo, kukamata sifuri zinazotoroka.

Baridi. Ofisi yetu hapa Westlands iko upande usiopata jua. Nimeshinda na shali mabegani kama mgonjwa.

Wiki hii tunamaliza. Kampuni ya usafi, ile yenye wafanyakazi katika majengo mengi ya hapa, ilitaka kujua kwa nini watu wake hawakai kazini. Ikatuajiri tuwaulize. Majuma matatu tumewahoji wanawake wanaopiga deki, si kazini kwao, bali kwenye chumba cha juu cha duka moja pale Dagoretti Corner, asije msimamizi akawaona wakiingia. Lilikuwa wazo langu. Najivunia.

Kila mmoja alisomewa yale maneno kabla ya swali la kwanza: mwajiri wako hatajua ulichosema. Fomu zina namba tu. Majina na simu ziko kwenye orodha ya karatasi tatu, kabatini mwangu. Ufunguo ni mmoja. Miaka kumi na tisa ya kazi hii, sijawahi kupoteza jina la mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Swali la ishirini na saba limenikosesha hamu ya chakula.

Tuliuliza kama msimamizi amewahi kutaka chochote kwako ndipo akupe zamu. Wanawake kumi na mmoja wamejibu ndiyo. Wengine kwa neno moja. Wengine ukurasa mzima. Wanamtaja mwanamume mmoja, yuleyule. Na stoo ileile ya ndoo na mifagio, akifunga mlango.

Mmoja wao nilimhoji mwenyewe. Nduku, mama wa makamo, mtu wa Kitui. Alipomaliza alitaka nimsomee nilichoandika. Nilikuwa nimeandika "aliniomba". Akanikatiza.

"Hakuomba. Kuomba ni kwa mtu anaweza kukataa. Andika aliniambia."

Nikafuta, nikaandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Ripoti imekwenda. Swali la ishirini na saba lina sura yake, halikufichwa nyuma. Muthiani, mkurugenzi wetu, alitaka kulipunguza makali. Nilikataa, akakubali. Syombua wa kompyuta ametuma pia faili ya majibu yote, kama mkataba unavyotaka. Hakuna jina ndani yake. Niliikagua mimi, nikaipitisha mimi.

Nimefika nyumbani mapema. Nimepika wali wa nazi. Raha.

Jumanne, 12 Agosti

Kampuni ya usafi imepiga simu. Wanataka majina ya wale kumi na mmoja.

Muthiani aliniita, akafunga mlango. Anasema wanataka kuwasaidia. Wawape ushauri nasaha. Nikamwuliza, mbona hawakuuliza jina la yule mwanamume, ambalo limo kwenye ripoti? Akasema hilo ni jambo jingine.

Nikasema sitoi. Alicheka. Alidhani natania.

Jumatano, 13 Agosti

Hakucheka leo. Anasema utafiti ni wao, waliuagiza wao, kila kilichomo ni chao. Nikamwambia majibu ni yao. Majina si yao. Majina ni ya wenyewe.

"Zuhura, hii ni mteja mkubwa. Usinifanye niongee sana."

"Usiongee basi."

Sikutarajia kujibu hivyo. Nimefurahi nilijibu hivyo.

Inauma lakini. Tulianza pamoja mimi na huyu bwana, tukihoji wakulima Makueni mwaka wa ukame, fomu tumezitia kwenye mfuko wa saruji zisiloe jasho. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akikupa neno lake amekupa kitu kizito. Leo ana ofisi yenye zulia na amesahau. Au hajasahau, na hilo ni baya zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ametaka ufunguo. Nimempa barua badala yake. Mistari mitano. Nimeambatisha nakala ya yale maneno tuliyowasomea wanawake, nimepigia mstari sentensi moja kwa wino mwekundu, kama mwalimu.

Syombua ameambiwa asizungumze nami kuhusu kazi. Amekuja mezani pangu na chai ya tangawizi, akakaa, hakusema lolote kuhusu kazi. Tumezungumza habari za mbuzi wa mama yake kule Mwingi. Nimempenda sana leo yule binti.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya.

Nduku alipiga simu asubuhi. Namba yangu aliipata kwenye kile kikadi tunachomwachia kila mhojiwa, apige akiwa na malalamiko. Ameambiwa Jumatatu asiende kazini. Afisa wa wafanyakazi alimwita, akamwuliza kwa nini anachafua jina la kampuni. Akamsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno.

Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Mlisema hakuna mtu atajua. Ni nani amesema?"

Ufunguo uko kwangu. Orodha iko kabatini, nilikwenda ofisini mbio nikaikuta, karatasi tatu, hazijaguswa. Muthiani hawezi kumjua Nduku.

Kisha nikafungua faili. Ile niliyoipitisha mimi.

Safu ya umri. Safu ya kaunti alikozaliwa. Safu ya jengo analosafisha. Safu ya miaka aliyofanya kazi. Nikachuja: zaidi ya miaka hamsini, Kitui, jengo lile, miaka tisa kazini. Ukabaki mstari mmoja. Mwajiri anajua umri wa watu wake, anajua wanakotoka. Hakuhitaji jina. Nilimpa kila kitu isipokuwa jina.

Nikawajaribu wale wengine kumi. Watano wanapatikana vivyo hivyo.

Si Muthiani. Si Syombua. Mimi. Nililinda mlango nikaacha dirisha wazi. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda kwa Nduku, Kawangware. Chumba kimoja, pazia la maua katikati, kila kitu mahali pake. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Hakunipa chai. Nisingestahili.

Nilimweleza yote. Nilichora zile safu nyuma ya bahasha, nikamwonyesha jinsi umri na kaunti na jengo vikikutana vinavyomtoa mtu. Alifuata mistari kwa kidole.

"Kwa hivyo hakuna mtu alisema. Ni hesabu ilisema."

"Ni mimi, mama. Hiyo hesabu niliituma mimi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza wangapi wengine wanaweza kujulikana. Nikasema watano. Akauliza kama wale watano wameshaitwa. Nikasema sijui, na kwamba hata yeye sitamtajia ni akina nani.

Hapo akacheka, mara ya kwanza. "Sasa ndio unafunga mdomo."

Kisha akasimama, akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Akasema yeye ameshajulikana, hana la kuogopa tena, na mtu asiye na la kuogopa ni mtu mbaya sana. Kesho kutwa ataanza kusema kwa mdomo wake. Lakini anataka karatasi yake. Ile niliyoandika mbele yake, nikamsomea.

"Hiyo maneno ni yangu. Si ni yangu?"

Ni yako, nikamwambia. Nitakuletea.

Nimerudi kwa miguu hadi Dagoretti Corner, sikutaka kupanda chochote. Nina hasira. Si ya jana, ile ya kujilaumu. Hii ina miguu.

Jumatatu, 18 Agosti

Barua mbili kabla ya saa nne.

Ya kwanza kwa kampuni ya usafi: faili tuliyowatumia ina kasoro, ifuteni, mthibitishe kwa maandishi, tutawapa nyingine isiyomtambulisha mtu. Ya pili kwa kamati ya maadili ya utafiti, wale waliotupa kibali. Nimewaeleza kosa langu kwanza, kwa jina langu, kisha shinikizo la kutoa majina, kisha kilichompata mhojiwa mmoja. Sikumtaja.

Muthiani alisoma nakala zake amesimama mlangoni kwangu.

"Umeniua, Zuhura."

Nikamwambia yupo mtu amefukuzwa kazi, yeye bado amesimama.

Kesho saa tano ataleta fundi avunje kabati. Amesema mbele ya ofisi nzima. Watu walizikodolea macho kompyuta zao kana kwamba zinawaka moto. Sawa. Alete fundi.

Jumanne, 19 Agosti

Niandike kwa utaratibu, maana huenda nikaulizwa.

Jana jioni nilisoma tena mpango wa utafiti, ule uliotiwa sahihi na Muthiani mwenyewe. Ukurasa wa tisa. Orodha ya majina iharibiwe mara tu uingizaji wa majibu utakapokamilika. Mwenye jukumu: msimamizi wa kazi za nyanjani. Ni mimi. Uingizaji ulikamilika kabla ya ripoti kwenda. Kwa hiyo si uasi. Nimechelewa, basi.

Niliwaza kama nawaharibia wanawake ushahidi. Niliwaza sana, tangu adhana ya alfajiri. Lakini majibu yote yapo, hayaguswi. Kinachokufa ni uzi unaounganisha majibu na milango ya watu. Atakayetaka kusema atakuja na mdomo wake, kama Nduku. Asiyetaka asiburutwe.

Saa moja na nusu nilikuwa ofisini. Syombua alikuwa ameshafika. Sikumwita. Alisema atakuwa shahidi, na nikimkataza atakuja tu. Tukafungua kabati. Nikatoa fomu ya Nduku, nikatoa nakala, nikairudisha asili yake mahali pake. Nikachukua zile karatasi tatu.

Mashine ya kusaga karatasi iko chumbani kwa Muthiani, kumefungwa. Tukashuka mjini, River Road, kwa shemeji Athumani, mume wa dada yangu. Ana kiwanda kidogo cha uchapaji, kalenda na kadi za harusi. Alikuwa anafungua duka. Hakuuliza sana.

"Shemeji, hizi nikate nene au nyembamba?"

"Kama tambi."

Ile mashine yake ya kukatia inakata rimu nzima kama keki. Karatasi tatu hazikutoa hata sauti. Akazigeuza, akakata tena. Nikajaza maji ndoo, nikazitia, nikazikanda kwa mikono yangu hadi ukawa uji wa kijivu. Syombua alikuwa anaangalia saa, anaandika. Tukatia sahihi sote watatu: saa, mahali, kilichoharibiwa, kwa mujibu wa ukurasa wa tisa.

Tulirudi saa nne na robo. Hati nikaiweka mezani kwa Muthiani. Kabati nikaliacha wazi, ufunguo umening'inia kwenye tundu. Fundi alipofika na nyundo yake alikuta hakuna cha kuvunja. Masikini, aliuliza kama kuna kazi nyingine.

Muthiani alisoma ile hati mara mbili. Hakuniangalia. Mikono yangu bado ilikuwa na wino.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefukuzwa. Barua ya aya moja, "kuvunja imani ya mteja." Walitaka nitie sahihi mahali palipoandikwa kwamba nimeondoka kwa hiari yangu. Nikaandika: *Sikuondoka kwa hiari. Nimefukuzwa kwa kutunza siri za watu.* Nikatia sahihi chini ya hayo. Nakala ninayo.

Kikombe, shali, kalamu zangu. Miaka kumi na tisa imetosha kwenye mfuko mmoja.

Njiani nilipitia Kawangware, nikampa Nduku nakala yake. Aliisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Safari hii alinipa chai.

Mama amepiga simu kutoka Mombasa. Nilipomwambia, aliuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniambia nile kwanza, kulia kuna wakati wake. Nikala. Kulia hakukuja.

Jumanne, 2 Septemba

Kamati ilituita. Chumba kirefu, watu watano, chupa za maji. Muthiani upande ule, mimi huku.

Nilianza na kosa langu. Safu nne, nilizipitisha mimi, mtu amekosa kazi. Mwenyekiti, mama mmoja mkavu mwenye miwani, aliandika bila kuinua kichwa. Kisha nikaeleza mengine.

Muthiani alisema orodha ilipotea kwa uzembe wangu. Alisema hivyo, uzembe. Nilishika ukingo wa meza.

Syombua akanyoosha mkono. Hakuwa ameitwa kusema, alikuja na faili tu. Akasema haikupotea, iliharibiwa saa mbili na dakika hamsini asubuhi, yeye alikuwepo, na sahihi yake hii hapa. Bado ana kazi pale. Mimi sikuwa na cha kupoteza. Yeye alikuwa nacho, na alisema.

Uamuzi: faili irudishwe na ifutwe. Muthiani asipewe kibali kingine hadi ofisi yake ikaguliwe. Na karipio la maandishi kwangu, kwa zile safu. Nimelipokea. Ni langu.

Kwenye ngazi Muthiani alinipita. Alisimama kidogo, kama anayetaka kusema neno. Sikumsaidia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nduku amepiga. Walikwenda ofisi ya leba, ile ya serikali, kushtaki. Hakwenda peke yake. Walikuwa wanane.

Nilimwuliza kama ni kutoka kwa wale kumi na mmoja. Akasema sasa yeye ndiye anafunga mdomo. Tumecheka. Kisha akaniambia jambo moja, kwa ruhusa ya wenyewe: wawili kati ya wanane walihojiwa nasi na swali la ishirini na saba walijibu hapana. Waliogopa. Walipomwona Nduku amesimama mbele ya afisa wa leba na karatasi yake, anasoma kwa sauti, wakanyoosha mkono.

Nimekaa na hilo siku nzima. Kumi na mmoja niliowaandika kwenye ripoti hawakuwa kumi na mmoja. Chumba cha siri, maneno matamu ya kuwatoa hofu, wahojaji wote wanawake, na bado watu walituambia uongo, na walikuwa na haki. Hatukuwa tumewaonyesha bado kwamba tunaweza kuaminika. Na ilivyotokea, hatukuweza.

Yule mwanamume amesimamishwa kazi. Kesi ya Nduku inaendelea. Anaombwa akubali jengo jingine, kule mbali. Amekataa. Anataka jengo lake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nilikwenda Westlands, mara ya kwanza tangu Agosti. Kikundi kimoja kidogo cha afya ya akina mama kinatafuta mtu wa kuwafundisha wahojaji wao. Wako ghorofa ya sita. Sikuangalia jina la jengo hadi nilipofika mlangoni.

Nduku alikuwepo pale chini, anafuta vioo. Sare mpya. Viatu vilevile. Sikujua kwamba wamemrudisha. Hakuwa ameniambia, labda alitaka kwanza kuhakikisha ni kweli.

Tuliangaliana kwenye kioo, si moja kwa moja. Nyuma yake alisimama msimamizi mpya, mwanamke, na kitabu cha zamu.

"Sasa, madam," akasema, kama anavyomwambia kila anayeingia.

"Sasa."

Akarudi kwenye kioo chake. Anafuta kutoka juu kwenda chini, hakimbii, haachi alama.

Mlinzi alinisukumia kitabu cha wageni. Akaniuliza kama namjua yule mama.

Nikasema hapana. Nikaandika jina langu, nikangoja lifti.